Ukoo wa Mlima Baridi

"Zadock, huyo aliyekufunza mateke, yeye alifunzwa na nani?"

Mama Waceke wa nyumba ya pili aliuliza hivyo siku moja hapo mtaa wa Jamhuri akianika nguo, bila nia yoyote mbaya. Zadock alikuwa ameshika suti yake nyeupe ya taekwondo ikidondosha maji, akaanza kuikamua upya. Ukweli ni kwamba mateke alijifunza miezi michache katika ukumbi wa kanisa, kwa kijana mmoja ambaye baadaye aliacha mateke akaingia biashara ya tairi kuukuu. Huo si ukoo. Hiyo ni aibu.

Lakini Zadock hakuwa mtu wa kupoteza swali zuri. Kabla nguo hazijakauka alikuwa ameelewa jambo: Nairobi hii hakuna anayekuuliza unaweza nini. Wanauliza wewe ni wa nani. Ukitaka binti wa watu, ukitaka kazi, ukitaka kiti cha mbele kanisani, swali ni hilo hilo. Basi yeye, ambaye wanafunzi wake walikuwa wachache na mmoja wao alikuja akiwa na mafua tu, hakukosa ufundi. Alikosa babu.

Akamtengeneza.

Alianza juu kabisa, Korea, kwenye Mlima Baridi. Mzee wa kwanza alimfunza Ri, Ri akamfunza Hwang wa mguu mmoja, Hwang akamfunza Grandmasta Ko Bong-su, na Ko akamfunza Zadock, yote kwa mpangilio mzuri kama zile orodha za fulani kumzaa fulani ambazo wahubiri huziruka wakikimbilia sadaka. Kuhusu picha ya huyo Ko, alishuka mjini kwa fundi wa fremu, akamtilia kioo mzee mmoja mwenye ndevu aliyekatwa kutoka boksi la dawa ya mgongo. Mwisho akaunda Shirikisho la Mlima Baridi, lenye matawi Korea, Kanada na Lubumbashi. Matawi hayo hayakuwa na simu, kwa sababu ya unyenyekevu.

Sasa ilibaki kumpata mtu wa kumhubiria. Akampata Mwau.

Mwau alikuwa mjenzi wa maghorofa, anakaa Lavington kwa matajiri, ana kila kitu isipokuwa heshima ya majirani. Walikuwa wamemnyima uenyekiti wa usalama wa mtaa wakisema hana nidhamu. Yeye na Zadock walikutana kwenye hoteli moja ya chai Adams Arcade.

"Mimi nataka mkanda mweusi," Mwau alisema akimega andazi. "Watu waniogope kidogo. Lakini goti langu, mwalimu. Goti halitaki mambo ya kuruka."

"Nani ametaja kuruka? Mzee, mkanda wa Mlima Baridi haurukiwi. Unarithiwa."

"Kama shamba?"

"Kama shamba. Ila huu hauna kesi."

Mwau alicheka mpaka chai ikamwagika. Akauliza bei. Zadock akafumba macho kama mtu aliyetukanwa. Mlima haugusi pesa, alisema. Mlima unaomba makao tu.

Na makao Mwau alikuwa nayo: nyumba ya wageni nyuma ya bustani, sebule pana kama ukumbi, chumba cha kulala juu, maji ya moto siku zote. Zadock aliijua vizuri, maana alishaichungulia. Mwenye nyumba wa Jamhuri alikuwa amemwambia ahame mwezi ukiisha, na hakuwa na mahali pengine pa kulaza kichwa.

Jumamosi sebule ile ilijaa majirani wa Lavington waliokuja kwa udadisi na wakabaki kwa sambusa za Ndanu, mke wa Mwau. Viatu vyote viliachwa mlangoni. Picha ya Ko ilikuwa ukutani. Ufunguo wa nyumba hiyo ulilala kwenye sahani ya kauri, na kando yake mikanda miwili myeusi iliyounganishwa ili imzunguke Mwau. Zadock alitaja ukoo mzima kwa sauti ya msibani. Alikuwa amefika kwa Hwang wa mguu mmoja mlango ulipofunguliwa.

Akaingia mama wa makamo, mnene kiasi, suti nyeupe imepigwa pasi hadi inang'aa, mkanda mweusi kiunoni. Hakumsalimia mtu. Alienda moja kwa moja kwenye picha, akapiga magoti.

"Mwalimu Ko!" akalia. "Kumbe walikupiga picha ukiwa mgonjwa!"

Ndanu akaweka sambusa chini. Yule mama akafuta machozi, akainuka, akageuka.

"Zadock, mdogo wangu. Siku hizi huinamii wakubwa?"

Katika dunia nzima ni mtu mmoja tu aliyejua kwa hakika kwamba Ko Bong-su hakuwahi kuwa na mwanafunzi, na mtu huyo, Zadock mwenyewe, hangeweza kusema amejuaje. Akainama. Mama akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni.

"Ukihubiri ukoo wako Adams Arcade, punguza sauti. Meza ya nyuma tunasikia yote."

"Wewe ni nani?"

"Lornah. Nilikuwa nabii Kawangware, lakini kazi imekuwa ngumu."

"Tugawane nyumba basi, dadangu. Wewe chini, mimi juu."

"Aki wewe. Ngazi zenyewe ni zangu."

Zadock akajitoa mikononi mwake, akakaza kifua.

"Wageni wangu, huyu dada ni wa lile tawi lililofukuzwa!"

Watu wakaguna. Lornah akainamisha kichwa.

"Ni kweli. Tulifukuzwa." Zadock akapumua, lakini Lornah akaendelea: "Na Zadock ndiye aliyetumwa na Mwalimu aje atuombe msamaha. Tunamngoja mpaka leo."

"Mwalimu!" Mwau alishtuka. "Hujaenda?"

"Nilikuwa... Haya, aseme basi Mwalimu alipenda chakula gani!"

"Alipenda kilichobaki. Wewe ndiye ulikuwa humbakizii."

Majirani wakaangua kicheko, na hata Ndanu akajifunika mdomo kwa leso. Kila uongo aliouweka Zadock sakafuni, Lornah aliukalia kama kiti.

Mwau alikuwa tayari amepiga goti lile baya, sahani mikononi, anamwelekea Lornah.

"Mkubwa ndiye hushika ufunguo, ama?"

"Ngoja, mzee wangu. Mimi sipokei kitu chenye maneno." Lornah alisema kwa upole wa mtu wa maombi. "Zadock aseme mbele ya watu. Alimjua Ko Bong-su, ama hakumjua? Kama alimjua, mimi ni mkubwa wake. Kama hakumjua..."

Akawatazama askari wawili wa geti waliokuwa wamesimama mlangoni na sambusa zao. Wakaacha kutafuna.

Zadock akaangalia ukutani. Mzee wa dawa ya mgongo akamwangalia vile vile, mzima wa afya. Chumba cha juu kilikuwa wazi, na kitanda kilionekana kimetandikwa shuka mpya.

"Nilimjua," Zadock akasema.

Akainama mbele ya Lornah mpaka paji la uso likagusa zulia, akasikia ufunguo ukitoka kwenye sahani. Alipoinuka alitafuta viatu vyake kati ya vile vya matajiri, akavishika mkononi bila kuvivaa, akapita katikati ya wale askari, akatoka.