Kengele ya Paloma

Jumanne, 4 Juni. Cachora.

Mama Maruja amewasili! Amekuja mwenyewe kutoka Cusco, viatu vipya vya mlimani, miwani ya jua kichwani, na Wajerumani wanne nyuma yake. Mmoja ni mrefu kupita kiasi. Jina lake limetushinda, tumemwita Bwana Nguzo. Mama Maruja ndiye mwenye kampuni. Ametukusanya uani akatangaza kwamba safari hii ya kwenda kwenye magofu ya Choquequirao na kurudi ataitumia kutupima. Atakayemridhisha atakuwa nyapara wa nyumbu msimu mzima. Mmoja tu. Mwingine atafute shughuli nyingine.

Wenye nyumbu ni wawili: mimi Nicanor, na Eusebio. Mimi ni mtu wa akili. Eusebio ni mtu wa bahati. Ana farasi jike mweupe, mzee, anaitwa Paloma, na shingoni ana kengele. Nyumbu wakisikia kengele ile wanafuata. Wake wanafuata, wangu wanafuata, hawaulizi wanakwenda wapi. Kwa hiyo kila safari Eusebio anatangulia, mimi nakula vumbi.

Kugombana naye haiwezekani. Ndiye aliyemkata binti yangu nywele zake za kwanza, mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo ni kompadre wangu, ndugu wa heshima, hadi kaburini. Kompadre hapigiwi kelele. Kompadre husalimiwa kofia mkononi. Yaani adui yangu mkubwa nalazimika kumwamkia kila asubuhi!

Honorata, mke wangu, amenieleza bila kupepesa macho: nikikosa unyapara, nyumbu wanauzwa, tunahamia Abancay kwa kaka yake Wilfredo, mwenye duka la kuku wa kuchoma. Nitanyonyoa kuku. Mimi! Chini ya shemeji anayeniita "profesa" kwa kejeli! Afadhali nianguke bondeni.

Nina mpango.

Jumatano, 5 Juni. Chiquisca.

Mpango haukwenda sawasawa. Pale Capuliyoc, kabla ya kuteremka bondeni, kila mtu huchagua majani matatu ya koka, mazima, yasiyo na tundu, akayapulizia kuelekea mlima wa Baba Padreyoc na kuomba njia njema. Mimi niliamka mapema, nikachambua mfuko wa watu wote, nikajiwekea mazima yote. Eusebio nikamwachia makapi. Nikapuliza kwa heshima zote. Nikamwomba Baba Padreyoc amguse Paloma kidogo mguuni. Sikuomba avunjike, mimi si mkatili. Achechemee tu mpaka tumalize safari.

Hatujafika hata nusu ya mteremko, goti langu la kushoto likavimba. Mlima umesikia, ila umekosea mtu. Nimeshuka bonde lote nikijikaza kisabuni, na Paloma kule mbele anatembea kwa madaha kama bibi harusi.

Kompadre akaja, kofia mkononi. Akasema, "Kompadre, panda nyumbu wangu huyu, mzigo wake nitaubeba mimi." Amesema kwa sauti, makusudi, Mama Maruja asikie. Mama Maruja akasema watu kama Eusebio wamebaki wachache. Nikapanda. Ningefanyaje? Goti lilikuwa linauma kweli.

Lakini hakuna mtu anayekuwa mwema hivyo hivyo tu. Ana lake jambo.

Alhamisi, 6 Juni. Santa Rosa.

Siku ya utukufu! Halafu siku ya aibu. Nianze na utukufu, ndio ulionistahili.

Asubuhi wote wako kwenye supu. Nikazunguka nyuma ya hema la jiko, nikafungua ukanda wa kengele shingoni mwa Paloma, nikaufunga shingoni mwa Sargento. Sargento ni nyumbu wangu bora. Ana kifua, ana sura ya uongozi. Nikapiga mluzi, tukaondoka. Ngele-ngele-ngele! Nyumbu wote, wangu na wa kompadre, wakajipanga nyuma yangu wenyewe! Nimevuka daraja la Apurímac nikiongoza msafara mzima. Nusura nilie. Mama Maruja akauliza leo nimeamkia upande gani. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba wanyama humtambua mtu mwenye roho safi.

Nyuma kabisa kompadre anamvuta Paloma kwa kamba, wawili peke yao. Alipotufikia akavua kofia. "Kompadre, naona wanangu wamekupenda." Akaitazama kengele. Akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba ukanda ulilegea ukadondoka, nikauokota, nikautundika mahali salama. Akasema asante. Asante! Mtu huyu ananitisha.

Sasa aibu. Kumbe kuongoza kunataka kitu zaidi ya sura. Paloma hupita Santa Rosa macho mbele, miguu njiani. Sargento aliona shamba la miwa la Bibi Escolástica, akakata kona. Na kengele yake. Na nyumbu wote nyuma yake, na mahema, na mayai, na mtungi wa gesi, na begi la Bwana Nguzo. Wametafuna miwa kuanzia njiani hadi mlangoni kwa bibi. Nilivuta, nikabembeleza, nikatukana. Kengele inalia, wao wanakula.

Bibi Escolástica akatoka na ufagio. Alianza na mimi kabla ya nyumbu. Nikamwambia tutaelewana kuhusu fidia. Hakutaka kusikia. "Fidia ya nini? Wamekula miwa yangu, wewe utakata iliyobaki! Yote, leo leo! Baba mzima, nyumbu wanakushinda akili!" Wageni wakauliza anasema nini. Mama Maruja akawatafsiria neno kwa neno.

Nikapewa panga. Na goti lile lile. Nimeona cha moto!

Na nani akatokea ubavuni na panga lake bila kuitwa? Tumekata wote wawili mpaka jua likazama. Kompadre! Kila mara ananiuliza kama goti linapoa. Basi amenipata! Ayni ni ayni: mtu akitoa jasho shambani kwa ajili yako, nawe lazima ukatoe jasho shambani kwake, ukikataa kijiji kizima kinakugeuzia mgongo. Na shamba lake la viazi liko juu kabisa, kwenye baridi ya kukata masikio. Naanza kuziona hesabu zake.

Ijumaa, 7 Juni. Kambini, chini ya magofu.

Nimetafakari. Kosa halikuwa la kengele, lilikuwa la Sargento. Kwa nini kengele ibebwe na nyumbu wakati msafara una mtu wa akili? Nikaifungua, nikaizungushia soksi, nikaitumbukiza kwenye mfuko wangu wa mgongoni. Soksi moja tu, isizibe sauti. Kwa kuwa nachechemea, kila hatua inalia kidogo, ngele, ngele, binadamu hasikii, nyumbu wanasikia. Nikienda wanakuja. Nikisimama wanasimama. Nikikaa chini kula mahindi yangu ya kuchemsha, wanakaa kunitazama mduara mzima.

Kompadre aliuliza kengele imekwenda wapi. Nikamwambia naisafisha, imeingia utomvu wa miwa. Akasema nisijisumbue sana.

Mama Maruja amekubali! Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia Bwana Nguzo kwamba miaka yote hajaona mtu anayependwa na wanyama kiasi hiki. Bwana Nguzo akanipiga picha, mimi katikati, nyumbu pande zote. Nimeula! Kuku wa Wilfredo watanyonyolewa na Wilfredo mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni. Choquequirao.

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi wageni walipanda magofuni na Mama Maruja. Wanyama hawaruhusiwi kuingia mule, hata mbwa. Nyumbu tuliwaacha malishoni, huru, bila kamba. Mchana Mama Maruja akatuma neno nimpelekee chakula cha wageni kule kwenye uwanja wa Wainka. Mimi, si Eusebio! Nilivimba kichwa. Nikashindilia sufuria na mikate kwenye mfuko wangu wa mgongoni, nikapanda nikipiga mluzi.

Mlinzi wa getini alikuwa anapiga mswaki nyuma ya kibanda chake. Nikapita. Bwana Nguzo akanipungia mkono kutoka juu. Nikampungia. Akazidi kupunga. Nikazidi kumpungia. Nikasema moyoni, watu hawa wanakupenda, Nicanor. Kumbe ananionyesha mgongoni kwangu.

Niligeuka. Nyumbu wote! Mstari mmoja, wametulia, na Paloma mwenyewe wa mwisho, anaifuata kengele yake. Wamepita getini kama watu waliokata tiketi. Filimbi ya mlinzi ikalia. Mimi nikafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya, nikatoka mbio. Mbio, na kengele mgongoni! Kadiri nilivyokimbia ndivyo ilivyolia, na kadiri ilivyolia ndivyo walivyokimbia. Tumevuka uwanja wa Wainka wote pamoja. Tumeteremka matuta ya mawe mpaka kwa wale wanyama lama waliojengwa ukutani kwa mawe meupe. Sargento akasimama kumnusa mmoja, akamwona hajibu, akaendelea.

Hakuna jiwe lililoanguka, asante Baba Padreyoc. Ila uwanjani wameacha samadi. Nyingi.

Mlinzi alikuja povu la dawa ya meno bado mdomoni. Akafoka kwamba tangu Wainka wenyewe hajaingia nyumbu humu, na akataka kujua kengele ni ya nani. Mama Maruja mkono mdomoni. Mfuko wangu, nilipohema, ukasema ngele.

Ndipo kompadre akafika akihema, kamba begani, kofia mkononi. Akautazama mfuko. Akamgeukia mlinzi. "Kengele ni yangu, bwana. Na farasi ni wangu. Kama kuna kosa, niandikie mimi." Kompadre hamwachi kompadre aaibike mbele ya watu wa nje, ndivyo tulivyolelewa.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Niliufungua kabisa. Halafu nikaona manyoya ya kuku yanaelea mbele yangu, nikaufunga.

Mlinzi amemwandikia: nyumbu wa Eusebio wasivuke tena daraja la Apurímac msimu huu. Mama Maruja alinitazama kwa muda, nikajishughulisha na mikate. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, kwamba hana la kufanya, nyapara ni Nicanor.

NYAPARA!

Roho inanisuta kidogo. Au ni supu ya jana.

Jumatatu, 10 Juni. Nyumbani.

Honorata alinichinjia simbilisi wawili wanono. Nikala mmoja. Kabla sijamgusa wa pili akaniuliza ilikuwaje magofuni. Nikamweleza kwa kifupi. Akauliza kengele ilikuwa mgongoni kwa nani. Nikamwambia hilo swali lina historia ndefu. Akaondoa sahani.

Akajifunga shali, akaenda kwa komadre, mke wa Eusebio. Amerudi macho mekundu. Amesema kompadre ameuza nyumbu wake wote mchana huu. Kesho yeye na mkewe wanahamia Abancay. Honorata mwenyewe amempigia simu Wilfredo ampe kazi ile ya kuku, kwa sababu mtu mwingine hapa ndani, amesema, hana haya.

Jioni kompadre akaja kuaga. Amemleta Paloma. Amesema Abancay hakuna majani, na nyapara bila farasi wa kengele hafiki mbali, basi nikae naye. Ile siku ya miwa pia nisiihesabu, viazi vyake atavuna mdogo wake. Akambusu binti yangu kichwani, pale pale alipokata zile nywele. Akaniwekea kamba mkononi. Halafu akaegemeza paji lake la uso kwenye shingo ya Paloma, akalia kidogo, akidhani simwoni.

Nilimwona. Nilitaka kumwambia, kompadre, usiende, kesho napanda kwa mlinzi nikaseme yote. Nilitaka kweli! Alipoondoka nikavaa kabisa viatu nimkimbilie.

Nikiwa nafunga kamba za viatu akili ikanirudia. Ngoja kwanza. Nani duniani anatoa farasi bure? Nani anasamehe siku nzima ya jasho? Mtu aliyepata kikubwa zaidi! Wilfredo hana mtoto. Wilfredo ana pumu. Duka lina tanuri mbili, friji ya vioo na bango la taa. Siku Wilfredo akichoka, duka litamwangukia nani? Atakayekuwa amesimama pale, kofia mkononi! Na mimi nimewekwa huku porini na farasi kikongwe, nikidhani nimeshinda! Lile duka ni la ukoo wa mke wangu. Ni langu mimi!

Nimevua viatu, nimevipiga rangi. Mama Maruja atafute nyapara mwingine. Basi la Abancay linaondoka alfajiri, na lazima nifike kabla ya kompadre, nikamwombe shemeji Wilfredo kazi ya kunyonyoa kuku.