Kamba ya Kuvukia Ukungu

Jumatatu, 3 Juni
Ukungu tena. Mto haupo! Nasikia maji chini ya mashua yangu, siyaoni. Mlinzi wa kivuko kapandisha bendera nyekundu: hakuna kuvuka mpaka ng'ambo ionekane. Bendera yenyewe haionekani, kwa hiyo sijaiona. Shemeji, kaka wa mke wangu, kajigubika shuka kalala kwenye mashua yake. Mtu mzima na afya yake! Mimi nina wazo: nifunge kamba kutoka huku hadi ng'ambo, niwe navuka kwa kuivuta. Mke wangu kasema nikivuka tena kwenye ukungu, anarudi kwao na watoto. Hasira tu, zitapoa.

Jumanne, 4 Juni
Alfajiri nikafunga kamba kwenye nguzo ya huku, nikapiga makasia. Weupe juu, weupe chini. Raha! Kama kuelea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Nikagonga kitu, nikapapasa: nguzo ya ng'ambo, nene, kavu. Mafundo matatu. Shemeji atajua akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 5 Juni
Abiria wawili, fundi cherehani na mwalimu wa mwanangu. Nikavuta kamba. Fundi akasinzia. Mwalimu akanong'ona kwamba huenda tumeshafika mbinguni. Mara honi! Boti ya mchanga ikapita pembeni yetu, ubavu mweusi, mrefu, hauishi. Wimbi lake likatulowesha wote. Niliogopa sana, sifichi. Ndipo mtu akaanza kupiga debe. Tukaifuata sauti hadi nchi kavu. Mwalimu akamshukuru mtu wa kwanza wa ng'ambo. Mlinzi wa kivuko! Mpiga debe alikuwa shemeji, anauliza nani kafunga kamba kwenye mlingoti wa mashua yake. Kumbe jana nilizunguka nikarudi kwetu.

Alhamisi, 6 Juni
Jua kali. Shemeji kamvusha mke wangu na watoto kwenda kwao, ng'ambo. Mdogo alinipungia mkono njia nzima. Nyumba kimya. Nimelia, jikoni, peke yangu. Shemeji anasema dada yake atarudi siku nitakapomwapia ana kwa ana kwamba sivuki tena kwenye ukungu. Nitaapa! Nimekoma kabisa.

Ijumaa, 7 Juni
Ukungu mzito kuliko wote. Shemeji kalala. Lakini jambo la heri halicheleweshwi. Nimevaa shati jeupe, nimeweka makasia chini kidogo ili niandike. Kiapo nimeshakikariri. Nimekaribia kwao, nadhani.