Nilivyomfariji Mwimbaji Mreno Katikati ya Wimbo

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya Shinyalu nzima. Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mchana tulikuwa na mgeni ukumbini kanisani. Ni mwimbaji kutoka Ureno, Bi. Luzia. Padre wetu, aliyewahi kusoma huko kwao, ndiye aliyemwalika. Aliwaeleza watu kwamba mama huyu alianza na fado, nyimbo zao za majonzi, katika hoteli ndogo ya shangazi yake, wateja wakila samaki bila hata kumtazama. Siku hizi anaimba na wapiga ngoma wa nchi nyingi, na kaseti zake zinauzwa mbali.

Mimi hayo sikuyasikia. Nilikuwa jikoni nikigeuza kuku.

Nilipoingia, alikuwa ameshaanza. Nguo nyeusi, shali nyeusi, macho amefumba, machozi yanamtiririka. Kando yake mzee mmoja anapiga gitaa, kichwa ameinamisha.

Nikamnong'oneza Rispa, mwenzangu wa kwaya, "Kwani huyu amefiwa na mumewe?"

"Sijui. Lakini mtu halianga hivyo bure."

Basi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama. Kwetu mfiwa haachwi alie peke yake. Nikapanda jukwaani (nani alinituma?), nikamkumbatia, nikaanzisha wimbo wa matanga. Kwaya nzima ikaitikia. Hata yule mzee akajaribu kutufuata na gitaa.

Tulipomaliza nikasema, "Pole sana, mama, kwa kumpoteza mzee wako."

Padre akatafsiri, midomo ikimtetemeka. Mgeni akamgeukia mpiga gitaa, akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Mume wangu ni huyu," akasema. "Amekufa lini?"

Ukumbi ulicheka hadi wengine wakatoka nje. Nilitamani sakafu inimeze (na ni ya simiti).

Lakini Bi. Luzia hakuniachia mkono. Aliongea polepole, Padre akitafsiri: "Miaka yote hii naimba huzuni, watu wananipigia makofi. Wewe ndiye wa kwanza kupanda kunishika."

Halafu akaomba tumfundishe ule wimbo. Tukauimba pamoja, sauti yake ikipanda juu ya zetu mpaka nikasisimka mwili. Baadaye aliniketisha karibu naye, tukala obusuma, ugali wetu wa huku, na kuku. Namshukuru Mungu kwa mgeni mwenye moyo kama ule. Mwingine angepanda gari akaenda zake.

Kesho mkinikuta sokoni nisalimieni kama kawaida. Atakayeniuliza marehemu anaendeleaje, mimi na yeye basi.