Malalamiko Kuhusu Ngozi ya Tawi la Chemba

Mheshimiwa Mzee Noeli,
Hombolo.

Shikamoo, mzee wangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mifugo haijambo. Mimi ni Editha wa Nzuguni, niliyeajiriwa kuwekeza fedha za watu wa ng'ambo, nikampa mpwa wako Seth mtaji wa kampuni yake, ile ya kuwatafutia wafugaji wanunuzi wa mbuzi kwa simu. Nimemvumilia vya kutosha. Naomba umkanye kabla hajanifukuzisha kazi.

Mtaji wangu ameuchukulia kama ng'ombe wa kukabidhiwa. Desturi yenu naijua: unampa rafiki ng'ombe akufugie, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi ujue alikufa kweli, hakuuzwa. Kwa ng'ombe sina neno. Sasa sikia ya kampuni.

1. Seth haji kikaoni peke yake. Anakuja na wewe, uwe shahidi. Unisamehe, mzee, lakini wakati wa chati unasinzia, na ukiamka unauliza mali iko wapi. Waanzilishi wengine hawajazoea swali hilo.

2. Nilimwomba aandike thamani ya kampuni baada ya miaka mitano. Alikataa, akasema hawezi kumtaja ndama ambaye hajazaliwa, tena mbele ya wageni. Wenzake waliandika mabilioni bila kusita, nikawapenda.

3. Tawi lake la Chemba lilikufa. Mwanzilishi mwenye adabu hutuma ujumbe wa kushukuru kwa mafunzo aliyopata, kisha huomba mtaji mwingine. Seth alikodi kirikuu, kigari cha mizigo, akaniletea ngozi: kibao cha tawi, mlango na bawaba zake, viti, na Habibu, aliyekuwa mfanyakazi wa tawi. Alivipanga vyote mapokezi nivikague. Habibu yupo hadi leo, maana sijasaini kwamba nimemwona. Anakaribisha wageni vizuri kuliko mimi, jambo linaloniudhi.

4. Ugonjwa umesambaa. Scolastika, ambaye kampuni yake ya kutabiri mvua ilikufa zamani nami bado naisifu kwenye ripoti, aliposikia habari hizi alilia, akakiri kwamba hana ngozi. Hakuwahi kuwa na mlango.

Wenye fedha wanakuja Ijumaa kutoka ng'ambo. Wakikuta mlango umeegeshwa mapokezi watadhani ninabomoa nyumba za watu. Naogopa kweli, mzee. Nina watoto shuleni na kazi ni hii moja. Mwambie Seth aje aondoe ngozi yake, na kikaoni aje peke yake, na chati.

Nisalimie mama yake Seth, majirani wote, na mbuzi ambao bado hawajapata mnunuzi.

Mimi mwanao ninayekuheshimu,
Editha

N.B. Kabla sijaituma barua hii, wale wenye fedha wamefika mapema, kabla ya Ijumaa. Wameuliza kampuni zetu ziko wapi. Nimefungua chati, wakasema hizo walishaziona. Ndipo Habibu akawaonyesha mlango. Wameushika, wakaufungua na kuufunga, mmoja akaupiga picha. Wanasema ndiyo mali pekee waliyowahi kuiona kwa macho tangu waanze kuwekeza kwangu. Nimepewa hadi Jumatatu nionyeshe ngozi za kampuni nyingine zote. Mzee wangu, usimkanye Seth. Njoo naye, na kama hapo Hombolo kuna milango yoyote isiyo na kazi, mje nayo.