Msituletee Spana ya Daraja la Wendenau

Wendenau, kando ya mto Elbe
Jumatatu, msimu wa asparaga

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Bunge ya Kusimamia Manunuzi na Matunzo ya Vifaa vya Jeshi,
Berlin.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: HARAKA YENU ISIYO NA SABABU

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi, kwa maana nafasi ndiyo ninayokuja kuiomba.

Mimi ni Wiebke Tiedemann, mjane, mwenyekiti wa kwaya ya Wendenau, na kwa mujibu wa jeshi letu ni mzigo wa majaribio. Nitaeleza. Nimesoma gazetini kwamba Jumatano hii kamati yako itajadili, na huenda ikapitisha, ununuzi wa spana. Jamani, mheshimiwa! Jambo hili mmekaa nalo miaka miwili kwa utulivu kabisa, mkiuliza maswali mazuri, nasi tukiwaombea heri kila Jumapili. Leo kulikoni?

Najua una mengi, kwa hiyo nakukumbusha. Jeshi lilileta hapa daraja jipya la kuelea. Likaungwa kipande kwa kipande kutoka kwetu mpaka Garlsdorp, kijiji cha ng'ambo, vifaru vikapita juu yake, watu wakapiga makofi. Jioni, walipotaka kulifungua, ndipo ilipogundulika kwamba daraja liliidhinishwa katika waraka wa manunuzi, lakini spana ya kulifungulia imo katika waraka wa matunzo na vipuri, na waraka huo ulikuwa bado uko mezani kwenu. Fundi mmoja akainua nyundo. Sajini Kessenich, anayelisimamia daraja, akamdaka mkono. "Weka chini hiyo! Kulifunga tumeruhusiwa. Kulifungua ni kura nyingine." Tangu siku hiyo daraja lipo, na linahesabiwa kuwa bado linajaribiwa.

Raia haruhusiwi kukanyaga daraja la majaribio. Lakini kanuni hiyo hiyo inadai daraja la majaribio lipitishiwe mzigo kila wiki, na vifaru vilikuwa vimesharudi kambini. Kwaya ikajitolea. Kila Alhamisi tunabandikwa vibandiko vya manjano kifuani na kuvuka. Mimi nimeandikwa "mzigo wa kati", na kuhusu hilo nitaandika barua ya peke yake.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mnakurupuka. Bunge halikuwekwa ili kununua vitu, liliwekwa ili kuuliza kwa nini vinunuliwe. Je, mmeshauliza kama spana hiyo inamfaa askari anayetumia mkono wa kushoto? Mmeuliza itashikika vipi ukungu wa Novemba ukitanda, wakati mtu haoni hata vidole vyake? Rangi ya mpini imejadiliwa? Kama hamkuuliza haya, huo ni usimamizi gani? Nimeandika maswali kumi na nane ya aina hiyo na kuyaambatanisha. Yachukueni bure, mseme ni yenu.

2. Besi. Kabla ya daraja, kwaya yetu ilikuwa na wanawake wengi wenye sauti nzuri na besi mmoja tu, yaani mwanamume wa sauti nzito, Bwana Pfannkuch, ambaye husinzia ubeti wa pili ukianza. Mabesi wote wa wilaya hii wako Garlsdorp, sijui ni maji yao au ni viazi. Kivuko kipo, lakini mto ukipungua kinasimama, ukijaa kinasimama, na siku ambayo mto uko sawasawa nahodha yuko likizo. Daraja la kudumu liko mbali, mtu akizunguka huko anafika mazoezi yamekwisha. Halafu, mheshimiwa, kumbuka kwamba mto huu ulikuwa mpaka kati ya Ujerumani mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Nikiwa msichana nilizijua zaidi nguo za watu wa Garlsdorp zilizoanikwa kambani kuliko nilivyozijua sura zao. Kulikuwa na shati moja la bluu la mvulana, nikiliona roho inafurahi, wala sikuthubutu kupunga mkono. Leo nao hubandikwa vibandiko na kuvuka, tunaimba pamoja. Msitutilie kitumbua mchanga.

3. Ulinzi wa taifa. Hapa nazungumza kama mzalendo. Katika majeshi yote rafiki hakuna daraja salama kama letu. Adui hawezi kuliiba. Hata sisi wenyewe tumeshindwa! Majasusi wakija kulitazama watapiga simu kwao na kusema Wajerumani wamebuni daraja lisilofunguka, na wakuu wao watakesha wakijiuliza tunataka nini. Mkileta spana, siri imekwisha.

4. Hili si la binafsi, ingawa linaweza kuonekana hivyo. Kati ya mabesi wa Garlsdorp yupo Bwana Lothar Stubbe, fundi vinanda mstaafu. Ndiye mwenye lile shati la bluu. Macho yake hayamruhusu tena kuendesha gari. Anaishi na dada yake Gudrun, ambaye humpikia, humfulia, humchagulia soksi, na aliyekula yamini kwamba hatakanyaga daraja linalotikisika hata wamwite kwenye mazishi yake mwenyewe. Mimi huita yamini hiyo neema. Gudrun husimama kwenye roshani na kupaza sauti mpaka tunamsikia huku. "Lothar! Umevaa skafu? Huyo mjane wako atakuua kwa keki!" Keki zangu hazijaua mtu.

Kila Alhamisi baada ya mazoezi namsindikiza Lothar mpaka katikati ya mto. Hapo husimama, hukohoa, huvua kofia na kusema, "Wiebke, kuna jambo nimekuwa nikitaka kukwambia..." Na Sajini Kessenich hupuliza filimbi. "Mzigo usisimame! Mzigo utembee!" Kanuni, mheshimiwa. Mzigo wa majaribio ukisimama unaharibu vipimo. Lothar ni mtii, basi huvaa kofia yake na kwenda zake kwa Gudrun. Miaka miwili sasa. Nimejaribu kumwambia aseme huku akitembea, akanijibu, "Maneno kama haya hayasemwi njiani kama bei ya vitunguu." Tena amesema kweli. Mimi nampenda, nalisema hapa waziwazi ili liingie kwenye kumbukumbu za Bunge. Amefika mbali, msimrudishe nyuma: Alhamisi iliyopita alifikia maneno "kwa kuwa mimi na wewe". Mkipitisha spana Jumatano, daraja linaondoka kabla hajamaliza sentensi. Mtailipaje hiyo?

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, spana irudishwe kwenye kamati ndogo. Pili, ikibidi inunuliwe, inunuliwe bila mkoba wake, na mkoba uwe na waraka wake. Tatu, baada ya kuona faida tuliyoipata, naomba manunuzi yote ya jeshi yawe hivi, nusunusu, na kila nusu ipelekwe kwenye kijiji chenye shida. Sisi, kwa mfano, hatuna daktari. Tupeni helikopta ya hospitali ya jeshi ambayo kibali chake cha kutua kimeshapita na cha kuruka bado. Daktari aliyemo tutamlisha mboga yetu ya asparaga na siagi mpaka asahau kwao. Garlsdorp wanaomba jiko la jeshi lisilozimika. Bwana Pfannkuch anaomba nyambizi itakayonasa kwenye bwawa lake, anasema kutakuwa na kimya humo ndani. Hilo lijadilini mnavyoona inafaa.

Mheshimiwa, sina nia ya kuwafundisha kazi. Nasema tu kwamba mlipokuwa mnachelewa, watu huku walikuwa wanaishi vizuri. Endeleeni na kazi hiyo njema.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, wa chama tawala na wa upinzani, hasa yule bwana aliyeuliza mwaka jana kama mto umeombwa ridhaa. Msalimie mlinzi wa mlangoni, na watu wa jikoni mwa Bunge. Sajini Kessenich anakusalimu na anasema yuko tayari kuendelea kusubiri, kwani keki ya hapa ni nzuri.

Wako mtiifu katika kuvuka,

Wiebke Tiedemann
Mwenyekiti wa Kwaya na Mzigo wa Kati

TANBIHI. Barua hii ilibaki mezani kwa sababu stempu zilikuwa zimeniishia, na leo asubuhi, ambayo hata si Alhamisi, nimemwona Lothar anakuja darajani na mkokoteni. Juu yake kuna kitanda chake, kinanda cha mkono na sungura wote anaowafuga. Nilimkimbilia na aproni yangu. Akasimama katikati ya mto, akavua kofia. Sajini akapuliza filimbi. Lothar akamgeukia. "Kijana, puliza mpaka uchoke, mimi leo nasema." Akasema yote, mpaka mwisho, nami nikakubali kabla hajamaliza. Sungura wako jikoni kwangu wanakula majani ya karoti.

Kwa hiyo, mheshimiwa, futa malalamiko yote kuanzia namba 1 hadi 5, na yale maswali kumi na nane yachome moto. Pitisheni spana. Msingoje Jumatano, pigianeni simu. Kama haipatikani, mpeni yule fundi ruhusa ya nyundo. Mabesi watapanda kivuko, wamezoea. Nakuandikia nikiwa dirishani: upande wa Garlsdorp Gudrun amesimama mwanzo wa daraja na masanduku mawili na mto wake wa kulalia, viatu ameshika mkononi, na Sajini Kessenich anambandika kibandiko cha manjano.