Turudishie Mate Yetu

Jua la Kathonzweni lilikuwa kali, na mwanamume aliyejifunga skafu shingoni kwenye jua kama hilo lazima alikuwa anaficha kitu. Mbaluka, aliyekuja sokoni kutafuta wateja, alipomwona tu, akamshukuru Mungu. Ndengu zilikuwa zimevunwa, magunia yalijaa sokoni, na shingo moja iliyovimba ingetosha kutia soko zima hofu.

"Ndani ya mwili kuna vitu vidogo sana vinaitwa maikro-RNA!" alitangaza, akiwa amevaa koti jeupe na kushika kisanduku chenye taa. "Vinaamuru jeni: wewe lala, wewe amka. Vikiharibika, saratani ya koo inatembea. Na vinaonekana kwa mate! Tema hapa, mashine isome. Debe moja la ndengu tu."

Tumtendee haki: mpaka kwenye mate, hakusema uongo. Wanasayansi wanavichunguza kweli. Uongo ulianzia kwenye mashine.

Watu wakapanga foleni. Taa iliwaka kijani kwa kila mtu, maana mteja mwenye furaha harudi kulalamika. Muli, yule wa skafu, alipoambiwa "Safi kabisa, mzee," alirusha kofia juu.

"Ndunge, umeona?" akamwambia mkewe. "Umenisumbua na hospitali ya mjini Wote mpaka nikachoka. Siendi tena!"

Ndunge alimtazama mumewe kwa woga, kisha akamgeukia Mbaluka. Mbaluka hakuyapenda macho yale.

"Asante, daktari," alisema mama huyo kwa upole. "Sasa turudishie mate yetu."

"Mate?"

"Kwani unataka kuondoka na mate ya watu? Unapelekea nani?"

Foleni ikavunjika. Wale wanaosema kila Jumapili kwamba uchawi ni upuuzi ndio waliosogea kwanza.

Mbaluka alikuwa amemwaga yote kwenye ndoo moja.

"Si shida," akasema Ndunge. "Mashine inajua mpaka ugonjwa wa koo. Itashindwaje kujua mate ya Muli ni yapi?"

Mbaluka aligeuka kutafuta njia ya kutoroka. Vijana wa bodaboda walishalizunguka gari lake la Probox. Akapima haraka: mwizi wa ndengu au mchawi wa mate, nani hupigwa zaidi?

"Sio mashine!" akalia. "Ni chaja ya betri! Haijui kitu! Hata wewe mzee, sijui kama uko mzima!"

"Rudia hiyo ya mwisho," akasema Ndunge. "Muli hakusikia vizuri."

Akarudia. Muli akaketi taratibu juu ya gunia, akashika shingo, na furaha yote ikamtoka. Iliuma kumtazama. Watu walipomaliza kuchukua ndengu zao, Ndunge alimshika mumewe mkono, akamketisha kwenye kiti cha mbele cha Probox, naye akapanda nyuma.

"Tupeleke hospitali ya Wote."

"Na mafuta, mwaitu, mama yangu?" akauliza Mbaluka.

"Daktari," akajibu Ndunge akifunga mlango, "leo huduma ni bure."