Mistari ya Bafuni Kabla Mama Mkwe Hajafika

Jumatatu, 12 Agosti

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kwao kumchukua mama yake. Watarudi Jumapili. Ameniachia kazi moja tu, na ameitaja mlangoni, kwenye ngazi, na tena kwa simu akiwa njiani. Nisugue mistari ya bafuni. Ile saruji ya katikati ya kigae na kigae, ambayo fundi aliiacha nyeupe na sisi kwa miaka sita tumeifanya nyeusi.

Sababu naijua. Mwaka jana mama mkwe alikuja kukaa wiki mbili. Siku ya kwanza akaingia bafuni, akatoka bila kuoga. Siku ya pili akakumbuka kwamba kuku wake hawana wa kuwaangalia. Hafugi kuku. Mke wangu alilia jikoni akasingizia vitunguu. Hakukuwa na kitunguu mle ndani, niliangalia. Jambo hilo limenikaa kooni mwaka mzima. Safari hii mama atakaa wiki zote mbili, nimeapa.

Maelekezo yamebandikwa kwenye kioo. Magadi soda vijiko vinne, maji kidogo, koroga mpaka yawe kama uji mzito. Paka kwenye mistari. Subiri robo saa. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha kwa kitambaa. Kasema ni kazi ya siku moja. Mistari iko mia moja na kumi na minane, nimeihesabu nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Kuhesabu nako ni kazi, kwa hiyo leo nimepumzika.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeanza. Mswaki wa zamani sikuuona, nikachukua wa buluu uliokuwa kabatini, mpya, bado kwenye karatasi yake. Nimepiga magoti juu ya mto. Uji nimeupaka chini ya sinki. Ile robo saa sikusubiri. Mtu mwenye nguvu asubiri nini?

Mistari mitatu, dakika arobaini. Imetoka myeupe kama meno ya mtoto. Nikasimama ili nijipongeze, na hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Mitatu myeupe, mia moja na kumi na mitano myeusi. Mpaka jana bafu lilikuwa chafu, lakini uchafu wake ulikuwa na msimamo. Sasa hata asiyeona vizuri ataona.

Nimepiga hesabu. Iliyobaki itataka zaidi ya saa ishirini na tano za kupiga magoti. Hata nilipokwenda kuposa sikupiga magoti muda wote huo.

Jumatano, 14 Agosti

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zimenijia wakati nanyoa ndevu. Kwa nini niipandishe mistari mia moja na kumi na mitano, wakati naweza kuishusha mitatu?

Nimechemsha chai ya rangi, majani vijiko sita, nikapaka kwa mswaki ule ule. Haikuwa myeusi. Imekuwa rangi ya karanga. Chai nyingine imechuruzika ukutani ikachora mistari yake. Sasa nina mistari ya aina tatu, na bafu linanuka kama mkahawa.

Mke wangu akapiga simu kuuliza nimefikia wapi. Nikamwambia rangi imebadilika sana. Si uongo. Akafurahi, kisha akasema nisije nikagusa mswaki wa buluu, amemnunulia mama. Nimekwenda dukani mbio. Ya buluu imekwisha, ipo myekundu tu. Nimenunua mwekundu. Njiani nimejiambia mara tatu kwamba mama anapenda rangi nyekundu, na kufika nyumbani nilikuwa nimeshaamini.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda kupeleleza kwa jirani. Ni fundi saa aliyestaafu, mtaa mzima tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu ukichelewa dakika moja atakuambia. Nikadai bomba langu limekauka, naomba kunawa. Bafu lake limelizidi langu umri kwa miaka kumi. Mistari myeupe yote, mpaka nyuma ya mlango. Nikasikia wivu, siwezi kuficha.

Nikamuuliza siri yake. Akasema hakuna siri. Kila Jumamosi anapaka magadi, anakaa robo saa akiitazama saa yake, anasugua kidogo, basi. Uchafu haupati nafasi ya kukaa.

Sikumwamini. Dirishani pana chupa ya rangi nyeupe ya raba, ile yenye sponji mdomoni. Aliponiona naitazama akasema ni ya viatu vyake vya mazoezi. Sikuwa nimemuuliza. Asiye na hatia hajielezi.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimenunua chupa yangu. Yule aliyeitengeneza ile sponji ni kama alipima bafu langu kwanza: upana wake na wa mstari ni sawasawa. Mistari mia moja na kumi na minane, saa moja na nusu, na nusu ya muda huo nilikuwa naimba. Ikakauka. Nikapitisha kidole: hakuna kitu. Nimesimama mlangoni nikitazama kazi yangu mpaka nikajionea haya.

Nikampelekea mke wangu picha. Akapiga simu. Amemwonyesha mama. Mama ameitazama picha muda mrefu, akasema huenda mwaka jana alinihukumu vibaya. Sauti ya mke wangu ilikuwa inatetemeka. Mimi pia machozi yalinilengalenga. Nimefurahi leo kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeoga nje, nyuma ya nyumba, kwa bomba la kumwagilia maua, nimevaa kaptura. Kazi nzuri hailoweshwi ovyo. Bwana Nukta akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama bafu limeharibika. Nikamwambia napenda hewa safi. Akatazama saa yake, akasema saa hizi yeye huwa anasugua mistari, akaenda zake. Kujionyesha tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Niko tayari.

Jumapili, 18 Agosti

Wamefika saa nne asubuhi. Mama akanipa mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaomba akaoge, vumbi la njiani limemwingia. Tukabaki sebuleni mimi na mke wangu. Tukasikia maji yanamwagika. Anaoga. Mke wangu akanishika mkono.

Mama akatoka, taulo begani. Zulia letu ni la kahawia. Nyuma yake kulikuwa na nyayo nyeupe, kutoka mlango wa bafu mpaka kwenye kiti, kisigino na vidole vyote vitano, hakuna kilichokosekana. Tukazitazama watu watatu. Akainua mguu, akafuta kwa kidole, akanusa. Amelea watoto sita wa shule, harufu ile hawezi kuikosea. Akauliza kwa upole kwa nini nimepaka rangi ya viatu bafuni.

Nikaenda kuangalia. Maji meupe kama maziwa yalikuwa yanaelekea kwenye tundu la maji machafu. Mistari ilikuwa imerudi vilevile, myeusi, na mitatu ya karanga.

Mke wangu hakunipigia kelele. Alikwenda jikoni, nami nikamfuata. Akaniuliza kama kupiga magoti siku moja kwa ajili ya mama yake ni jambo kubwa kiasi hicho. Niliona aibu, naiandika kama ilivyo.

Kisha mama akaniita. Nikamkuta amejifunga kanga kiunoni, uji wa magadi tayari kwenye bakuli. Akaniuliza mswaki uko wapi. Nikampa ule mwekundu, nikamwambia ni wake. Akasema wake anao mkobani, huu utatufaa. Akapaka ukuta mzima, kisha akaniamuru nikae juu ya ndoo nisiguse kitu. Nikainuka mara mbili, mara mbili akanikalisha, akasema tuyape magadi nafasi ya kufanya kazi yake. Robo saa ilipokwisha nikasugua. Weusi ulitoka kama masizi ya sufuria lililolowekwa. Mstari mmoja haukuchukua hata dakika. Saa kumi tulikuwa tumemaliza, na nusu nzima aliisugua yeye, na umri wake ule.

Wakati wa chakula akatangaza kwamba hatakaa wiki mbili. Atakaa miezi miwili, maana hawezi kumwacha mwanawe peke yake na mtu kama mimi. Mke wangu akainama, nadhani alikuwa anacheka.

Jumatatu, 19 Agosti

Tathmini. Lengo lilikuwa wiki mbili, tumepata miezi miwili. Ningesugua kama nilivyoelekezwa, mama angeridhika na kuondoka kwa wakati. Ni rangi iliyomzuia. Mke wangu amekuwa akiimba jikoni tangu alfajiri, na sidhani kama kuna anayenishukuru.

Mama amesema Jumamosi ni zamu ya ukuta wa jikoni: mistari mia mbili na sita, na juu ya jiko ina mafuta. Nimepita dukani mapema. Nimemweleza muuzaji kwamba rangi yake inatoka kwa maji. Akasema ipo ya viatu vya ngozi, hiyo haitoki hata uiombe, ila ni nyeusi tu.

Nimechukua chupa mbili. Mistari yote ikiwa myeusi, nani atajua upi ni mchafu?